Mafungu Yahesabiwe Mapema, Nyumba Ibaki Ilivyo

Katika mitaa ya Mkomani na Langoni, mjini Lamu, kauli inayozigharimu familia nyumba zao hutolewa kwa heshima kubwa: "Mama yupo bado, tutagawa baadaye." Hakuna anayeipinga. Anayetaka mafungu ya mirathi yatajwe mapema huonekana ana uchu wa mali, na anayenyamaza huonekana ana adabu. Miaka inapita, mama naye anatangulia, kisha kaka mkubwa, na siku watu wanapoketi kuhesabu, waliopo mkekani si wale walioachwa na marehemu wa kwanza. Wengine hata hawajuani.

Kosa letu Lamu ni kuchanganya mambo mawili. Kubainisha mafungu ni jambo moja. Kuigawa nyumba ni jambo jingine. La kwanza hesabu yake ni ya saa moja mbele ya mtu anayejua ilimu ya faraidhi, yaani hesabu ya mafungu ya mirathi ya Kiislamu, na halimhamishi mtu chumba. La pili laweza kungoja miaka, au lisifanyike kabisa. Kwa kuogopa la pili tumeacha la kwanza, na hapo ndipo nyumba zinapoharibika, haki zake kisheria na kuta zake za mawe.

Tuanze na kile kinachorithiwa. Mirathi ni alichokimiliki marehemu alipokata roho, baada ya kutoa gharama za mazishi, madeni na wasia. Katika madeni imo mahari ambayo mke hakulipwa, na watoto wengi huiruka kwa kudhani mama hawezi kuwadai. Anadai, na deni lake hutoka kwanza, kabla ya kupewa thumni yake, yaani moja ya nane. Wasia nao hauvuki theluthi moja ya kilichobaki, wala haupiti kwa mtu ambaye tayari ni mrithi, ila warithi wenzake waridhie baada ya kifo. Karatasi ya baba isemayo "nyumba yote ni ya Fulani", Fulani mwenyewe akiwa mwanawe, haimpi Fulani kitu bila ridhaa hiyo.

Waqfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe wala kurithiwa, haumo katika hesabu hii. Nyumba iliyowekwa waqfu, hata ukiwa waqfu wa kizazi, wanufaika wake wana haki ya kukaa au kula kodi, hawana haki ya kuuza. Kabla ya kupiga hesabu yoyote uliza kama nyumba imo katika kumbukumbu za Tume ya Waqfu, na uangalie hati ya asili kama ipo. Kuna familia zilizogombania miaka mali ambayo haikuwa ya yeyote kati yao.

Ugomvi mzito zaidi hapa kwetu huzaliwa na hiba, yaani zawadi ya mali inayotolewa na mtu aliye hai. Desturi ya waungwana wa Lamu ilikuwa baba kumtayarishia binti nyumba anapoolewa, au kumjengea ghorofa juu ya ile ya wazazi, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Mawikio, vile vyumba vya daraja vinavyopita juu ya vichochoro, mengi yaliunganisha nyumba za jamaa moja kwa sababu hiyo. Basi mji umejaa nyumba ambazo kila mtu mtaani anajua ni "ya binti Fulani", ilhali hakuna karatasi isemayo hivyo. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, hiba haitimii kwa maneno peke yake. Anayetoa aseme ametoa, anayepewa akubali, kisha akabidhiwe. Baba aliyesema mbele ya watu "nyumba hii nimempa mwanangu", akaendelea kupokea kodi ya chini na kushika funguo mpaka kufa, hajakabidhi. Ndugu wakimpeleka binti kwa kadhi kwa hoja hiyo, ana hatari kubwa ya kushindwa, na nyumba kurudi katika mirathi. Na aliyetoa akiwa katika ugonjwa uliomuua, hiba yake huchukuliwa kama wasia: theluthi tu, na si kwa mrithi.

Kwa hiyo anayetaka kumpa binti yake nyumba kweli, afanye akiwa mzima: aandike, aweke mashahidi wawili, akabidhi funguo, kodi ianze kupokewa na binti, na umiliki uhamishwe katika ofisi ya ardhi. Mzee akitaka kubaki humo, akae kama mgeni wa mwanawe, na hilo nalo liandikwe. Wazee wengi hulikwepa sharti hili la mwisho, na kulikwepa ndiko kunakovunja hiba zao.

Tuje kwenye nyumba yenyewe, maana ugumu wa Lamu hauko katika fiqhi peke yake. Nyumba ya kale imejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake ni za boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, mara nyingi chini kidogo ya mita 3, na ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Ukipita daka (kibaraza cha mlangoni) na tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia) unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani. Kutoka kiwandani unaingia ukumbi mrefu uitwao msana wa tini, nyuma yake msana wa juu, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani. Vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na kwa kawaida cha nyuma hukifikii bila kukipita cha mbele. Mpe ndugu mmoja msana wa tini na mwingine ndani, na huyu wa pili kila usiku atapita kando ya kitanda cha mwenzake. Ngazi ni moja, kisima kimoja. Kutoboa mlango mpya nako si uamuzi wa familia peke yake: mji wa kale unalindwa na sheria ya makavazi na turathi ya 2006, umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na mabadiliko ya kuta yanataka idhini. Shamba la minazi unaweza kulipima na kulikata. Nyumba hii haikatiki, kwa hiyo mafungu yake yatabaki namba kwenye karatasi, na namba zisizoandikwa hupotea.

Tazama zinavyopotea. Chukua nyumba iliyothaminiwa Sh10,080,000 (kiasi hiki nimekichagua ili hesabu itoke bila chenji). Mwenyewe amekufa akaacha mke, mama yake mzazi, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumni kwa kuwa kuna watoto, mama ana sudusi, yaani moja ya sita. Mas'ala, yaani idadi ya sehemu za kuanzia hesabu, yanaanzia 24: mke 3, mama 4, zinabaki 17 za watoto, na watoto ni vichwa saba kwa hesabu ya wa kiume wawili na wa kike mmoja. Kumi na saba haigawiki kwa saba, hivyo 24 huzidishwa kwa 7, tukapata sehemu 168. Mke ana 21, mama 28, kila mwana wa kiume 34, kila binti 17. Kwa fedha, kila sehemu ni Sh60,000: mke Sh1,260,000, mama Sh1,680,000, kila mwana Sh2,040,000, kila binti Sh1,020,000. Mpaka hapa mambo ni mepesi, na kama yangeandikwa siku hiyo, karatasi moja ingetosha.

Hayakuandikwa. Baada ya miaka michache anakufa yule mama wa marehemu, akiacha mwana mwingine wa kiume na binti mmoja, yaani ami na shangazi wa watoto walio nyumbani. Wajukuu hawapati kitu kwake, kwa sababu mwana wa kiume aliye hai huwazuia. Sehemu zake 28 zinataka kugawiwa kwa tatu, hazigawiki, kila kitu kinazidishwa kwa 3 na jumla inakuwa 504. Ami anapata 56, shangazi 28. Halafu anakufa mmoja wa wale wana wa kiume. Ameacha mke, mama yake (yule mjane wa kwanza) na binti mmoja. Binti ana nusu, mama sudusi, mke thumni, na kilichobaki, sehemu 5 katika 24, kinakwenda kwa ndugu yake na dada zake watatu. Sehemu zake, 34 mara 3, sasa ni 102, nazo hazigawiki kwa 24 bila vipande, tunazidisha tena, mara hii kwa 4. Nyumba sasa ina sehemu 2,016, kila moja Sh5,000.

Wenye nyumba ni hawa: mjane wa kwanza 320, ami 224, shangazi 112, mwana aliyebaki 442, mabinti watatu 221 kila mmoja, mjane wa yule mwana 51, na mjukuu wa kike 204. Ami ambaye hajawahi kulala humo ana Sh1,120,000 ndani ya kuta zile. Mjane kijana ana Sh255,000, na akiolewa tena kisha akafa, fungu lake litakwenda kwa mume mpya na jamaa zake yeye. Hakuna aliyeibiwa. Ni vifo vitatu tu, na familia hii ni ndogo kwa kipimo cha Lamu.

Mtu atauliza: kama mafungu yangeandikwa mapema, ami asingeingia? Angeingia vilevile iwapo bibi yao, yule mama wa marehemu, angekufa na fungu lake mkononi. Tofauti ni kwamba bibi angejua kuwa ana sehemu 28. Akiwa mzima angeweza kuwauzia wajukuu, au kuwapa hiba na kuwakabidhi, au kuwausia theluthi ya mali yake, na wasia huo ungesihi kwa sababu wajukuu, wakiwa wamezuiwa na ami yao, si warithi wake. Njia zote hizo zilikuwa wazi kwake. Zilifungwa kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa anamiliki sudusi ya nyumba ya mwanawe. Wazee wa kike wengi hufa bila kujua hilo, na heshima tunayodai kuwapa kwa kunyamaza ndiyo inayowanyima chao.

Huku nyuma paa linavuja. Paa la chokaa likipata ufa, maji hufikia boriti, na boriti huoza pale inapoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Ukiona chokaa ya dari imevimba au ina mstari wa kahawia sambamba na ukuta, ncha ya boriti huenda imeshaanza kuliwa. Kubadilisha boriti tatu na kupaka upya kipande cha paa ni kazi ndogo. Dari ikianguka na kuvuta ukuta, hiyo ni nyumba mpya. Anayekaa humo haoni kwa nini alipe yeye wakati mali ni ya wote. Aliye Mombasa au Maskati haoni kwa nini alipie nyumba anayokaa mwingine. Mwishowe mmoja hutafuta saruji kwa kuwa ni rahisi kuipata kuliko fundi wa chokaa, anaipiga juu ya matumbawe, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unamumunyuka. Na huyo aliyetengeneza kwa fedha zake bila ya wenzake kuridhia asitarajie kurudishiwa siku ya mgawo. Gharama zake zaweza kuhesabiwa kuwa ni hisani. Apate idhini yao kwa maandishi kwanza, na aweke risiti. Magofu mengi ya mjini tunayoyalaumu kwa ufukara yana warithi wenye kazi na mishahara, ila hakuna kati yao ajuaye asilimia yake.

Njia ya sheria inajulikana, ingawa wengi huikaribia wamechelewa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, inaipa Mahakama ya Kadhi uwezo juu ya mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa hapo. Mmoja akikataa, shauri huenda mahakama nyingine, lakini mafungu ya marehemu Mwislamu bado hufuata sheria ya Kiislamu, kwa mujibu wa marekebisho ya 1990 kwenye Sheria ya Urithi, sura ya 160. Kinachohitajika kwanza ni cheti cha kifo (kibali cha mazishi hakitoshi), barua ya chifu inayotaja warithi, nakala za vitambulisho vyao, hatimiliki au matokeo ya upekuzi kutoka ofisi ya ardhi, na orodha ya mali na madeni. Ombi la usimamizi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30, na uthibitisho wa mgawo kwa kawaida hungoja miezi sita. Kama kuna mtoto mdogo mwenye fungu, wasimamizi wawe wawili au zaidi. Kabla ya hapo hakuna mwenye ruhusa ya kuuza wala kutumia mali ya marehemu, hata kifungua mimba. Sheria ya Urithi inalihesabu kuwa ni kosa.

Kinachokwamisha mara nyingi ni majina. Baadhi ya hati za mjini zimetokana na sheria ya hatimiliki ya 1908, zimeandikwa jina la babu kwa "bin" na kabila, na kitambulisho cha mjukuu kina majina matatu yasiyolingana na lolote kati ya hayo. Hapo huhitajika kiapo kwamba majina haya ni ya mtu mmoja, pamoja na kila cheti cha kifo kutoka kwa babu mpaka leo. Kifo kimoja ambacho hakikusajiliwa husimamisha mnyororo wote, na kusajili kifo cha miaka mingi iliyopita ni safari nyingine. Malindi pana shida ya ziada: nyumba bila ardhi. Marehemu alijenga katika kiwanja cha mtu akilipa kodi ya ardhi, na watoto wanagawana kiwanja kana kwamba ni chao. Wanachorithi ni jengo na makubaliano yake tu, na mwenye ardhi ana usemi wake.

Kikwazo cha pili ni orodha pungufu. Husahauliwa dada aliyeolewa Unguja, ndugu wa kwa mama (ambaye hurithi pale marehemu hana mtoto wala baba wala babu), na mke aliyeachwa talaka rejea, ambaye bado yumo edani na kwa hiyo bado ni mrithi. Hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kuficha mrithi hubatilishwa, hata nyumba ikiwa imeshauzwa na fedha kuliwa. Jambo jipya la kuangaliwa ni uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Juni 2025, kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe mirathi ya baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo. Fiqhi tuliyosoma inasema vingine, na mvutano huo haujaisha. Lakini anayeandika orodha leo kwa kudhani mtoto wa aina hiyo hatasikilizwa, anajitafutia kesi ya miaka.

Halafu kuna neno "amesamehe". Dada huitwa sebuleni, huambiwa kaka zako ndio watakaolinda nyumba ya baba, nawe una mumeo, basi samehe. Anasamehe hata kabla ya kujua kama fungu lake ni Sh20,000 au milioni. Msamaha wa kitu kisichojulikana kiasi chake, uliotolewa mbele ya kaka watatu na chai, ni dhaifu kisheria, na sioni namna ya kuuita radhi. Utaratibu ulio safi ni huu: fungu lake litajwe kwa sehemu na kwa shilingi, aandikiwe, apewe muda. Akitaka kumpa kaka baada ya hapo, ni hiba yake, na masharti ya hiba ni yaleyale tuliyoyaeleza juu. Jambo la ajabu ni kwamba mji uliokuwa ukiwajengea mabinti nyumba ndio huu ambao leo unawaomba wasamehe thamani ya chumba.

Mafungu yakishaandikwa, nyumba ina njia nyingi za kubaki nzima. Mmoja anaweza kuwanunua wenzake kwa bei ya mthamini, kwa awamu, kila malipo yakipunguza namba ya anayetoka. Wanaweza kukodisha na kugawana kodi kwa mafungu baada ya kutenga kiasi cha paa na chokaa. Wanaweza kumwacha mama humo kwa maandishi, na kukubaliana kwamba wakaao naye ndio watakaobeba matengenezo madogo, na makubwa yatalipwa na wote. Kuuza kwa mnunuzi wa nje ni njia halali pia, na bei za Shela, kijiji jirani kisiwani, zinavutia, ila anayeuza fungu lake peke yake bila kuwaambia wenzake anawaletea mgeni kwenye kiwanda kimoja.

Lolote litakaloamuliwa, hatari iliyobaki iko katika usajili. Umiliki wa pamoja katika ofisi ya ardhi ni wa aina mbili. Wa mafungu, kila mwenye fungu akifa fungu lake huenda kwa warithi wake. Usio na mafungu, anayekufa huondoka na haki yake huingia kwa waliobaki hai, mpaka wa mwisho abaki na nyumba nzima. Hapo faraidhi haina nafasi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 imeufunga umiliki huu wa pili kwa mume na mke, au kwa ruhusa ya mahakama, lakini hati zilizoandikwa kabla bado zipo makabatini, na mume na mke wanaweza kuingia humo leo bila kujua kwamba atakayebaki atachukua yote badala ya nusu, robo au thumni. Kwa hiyo kabla ya kutia saini msomewe kifungu cha namna ya umiliki, na kila jina liwe na namba yake mbele: 320 katika 2,016, 224 katika 2,016, na kuendelea mpaka sehemu 51 za yule mjane kijana.